Mwaka Tulioambiwa Tuseme Tunakowinda

Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza, saa nane mchana, wawindaji wa mji wetu hukutana kwenye karakana yangu kuelezana watakwenda kuwinda wapi mwaka huo, na kila mmoja husema uongo.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu ilichaguliwa kwa sababu ina pa kukaa. Wanachama tuko watano, na siku ya mkutano kila mtu hukalia kochi la mteja, liwe limekwisha au halijakwisha. Mwaka huu kulikuwa na seti moja iliyomalizika, bado imefunikwa nailoni, na makochi mawili niliyoyavua kitambaa yakabaki spiringi na magunia. Anayechelewa hukalia spiringi.

Ukutani nimebandika ramani ya pori. Pori limegawanywa vitalu saba, kila kimoja na namba yake. Utaratibu wetu ni kwamba mtu husimama, huchukua msumari mmoja wa kochi, ule mfupi wenye kichwa cha shaba, huuchomeka kwenye kitalu chake, kisha hueleza: nitakwenda mwezi fulani, siku kadhaa, namtafuta mnyama fulani. Mimi ndiye katibu, naandika daftarini. Lengo la yote haya ni usalama. Kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi, hakuna atakayempiga mwenzake risasi.

Lakini mwindaji aliyepata pahali pazuri hapasemi. Husema pahali pabaya, ili asifuatwe. Ndiyo maana kitalu cha tano, ambacho ni mawe matupu na hakijawahi kuonekana mnyama mkubwa kuliko mjusi, kila mwaka kilikuwa na misumari mitatu.

Mimi ni mtu wa sala. Asubuhi kabla ya kufungua karakana naomba, na jioni nikishafagia vipande vya sponji naomba. Sijawahi kumdanganya mteja kuhusu kitambaa. Lakini kwa miaka kumi na moja nilisimama mbele ya ramani ile na kusema milima ya kusini, kitalu cha sita, huku nikijua nakwenda kwingine. Kwa ajili ya jambo hilo nilikuwa naomba msamaha mapema, asubuhi ya siku ya mkutano, ili kazi iishe.

Ninakokwenda ni kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, kitalu cha pili. Walipoacha kuchimba, shimo lilijaa maji ya mvua, na maji hayo hayakauki hata kiangazi kikiwa kikali vipi. Wanyama wote wa upande ule hunywa pale. Alinionyesha baba mkwe wangu, dereva mstaafu wa malori, ambaye ndiye mwenyekiti wetu. Alinipeleka wiki moja baada ya harusi, akanishika bega, akasema, "Mwanangu, hapa sijamwonyesha mtu. Na wewe usije ukamwambia mtu." Sikumwambia hata mke wangu, ambaye ni binti yake.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka jana, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa kumi, saa moja asubuhi, nilikuwa pale machimboni nimejibanza nyuma ya lundo la kokoto. Ng'ambo ya maji, ndani ya nyasi, kitu cha rangi ya kahawia kilikuwa kimeinama. Nikakisia ni ngiri. Nikafyatua. Kile kitu kikasema, "Mama yangu!"

Ngiri hasemi hivyo. Nililijua hilo papo hapo. Hata hivyo niliokota vitu vyangu nikakimbia mpaka barabarani.

Siku nne baadaye akaingia karakanani Bucha. Ndivyo tunavyomwita. Ana duka la nyama karibu na stendi. Siku sita anakata nyama, ya saba anakwenda porini kuitafuta. Aliweka mezani kofia yake ya kahawia. Ilikuwa na matundu mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea, yote mawili juu kidogo ya pale nywele zinapoanzia.

"Nilikuwa kitalu cha tatu," akasema, "mlimani, peke yangu, sina ugomvi na mtu. Mtu akanipiga risasi."

"Kitalu cha tatu?" nikamuuliza.

"Kitalu cha tatu. Si uliandika mwenyewe?"

Niliandika mwenyewe, kweli. Nikafungua daftari nikaonyesha. Kitalu cha tatu kiko mwendo wa nusu siku kutoka machimboni, kwa hiyo kwa mujibu wa maandishi yangu aliyepiga kelele machimboni hakuwa Bucha, na aliyefyatua hakuwa mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa milima ya kusini. Nililifikiria hilo kwa muda.

Bucha alitaka nimshonee kofia. Nikamshonea. Katika maisha yangu sijawahi kushona kitu kwa uangalifu kama ule.

Tangu hapo sala zangu zikawa fupi. Nikifika mahali pa kuomba msamaha, narukia mahali pa kushukuru. Kusema maana yake ilikuwa kupoteza bunduki na leseni, na kumweleza baba mkwe kwamba binti yake ameolewa na mtu aliyempiga mwenzake risasi akakimbia. Kunyamaza nilikuwa nakuweza. Nilikuweza miezi mitatu, nikapungua kilo tano, na mke wangu akaanza kuniuliza kama kuna mteja aliyenitukana.

Mwaka huu, siku mbili kabla ya mkutano, ikaja barua kutoka ofisi ya wanyamapori. Siku ya mkutano Mwenyekiti aliisoma amesimama katikati ya makochi, miwani imemshukia puani.

"Wanasema habari za kofia zimewafikia," akasema. "Wanasema leseni zetu za mwaka huu hazitatolewa mpaka tupeleke vitu viwili. Kwanza, mpango wa kweli wa safari zote, nani, wapi, lini, na sahihi ya kila mmoja. Pili, maelezo ya maandishi kuhusu kofia. Vyote viwafikie Jumatatu."

"Mpango wa kweli," akasema Mpima. "Wana maana gani, wa kweli?"

Mpima ni mpima ardhi. Ni mtu wa miwani na rula, na hata uongo wake huutoa kwa vipimo. Alichelewa siku hiyo, alikuwa amekalia spiringi.

"Wana maana useme unakokwenda," akasema Shangazi.

"Si ndivyo tunavyofanya kila mwaka?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kucheka kungekuwa kukiri.

Shangazi ni dada yake baba mkwe. Ana duka la dawa, na ndiye peke yake kati yetu ambaye kila safari hurudi na kitu. Tukimuuliza amekipata wapi, husema, "Porini."

Mpima akasimama kutuonyesha mfano. Akachukua msumari, akapima kwa vidole viwili kutoka ukingo wa ramani, akauchomeka. "Kitalu cha tano. Kona ya kaskazini mashariki, mita mia tatu na arobaini kutoka mpakani. Mwezi wa nane, siku nne. Namtafuta pofu, yule swala mkubwa."

"Pofu yupi akae kwenye mawe?" akauliza Shangazi.

"Wapo."

"Wanakula nini?"

"Wanapita tu."

"Kaa chini, kijana."

"Shangazi, mimi nina miaka hamsini na mbili."

"Kaa chini, kijana wa miaka hamsini na mbili. Ng'oa na msumari wako."

Mpima akaung'oa. Mwenyekiti akakohoa, akasema labda tule kiapo. Bucha akasema kiapo si neno, ila angependa kujua nani ataanza, kwa maana mtu wa kwanza kusema kweli atakuwa amewapa wengine pahali pake, na wengine wakishapata wanaweza kuamua kuendelea na mawe. Hoja hiyo ilionekana kuwa nzito. Nje mtu alikuwa anaosha pikipiki, na tulimsikiliza kama tuliokuja kwa ajili hiyo.

"Aanze Katibu," akasema Shangazi. "Yeye si ndiye mtu wa sala? Akidanganya yeye, tutajua hakuna matumaini, kila mtu aende nyumbani akafuge kuku."

Wote wanne wakanigeukia.

Kutoka kwenye kochi langu hadi kwenye ramani ni hatua sita. Katika hatua hizo niliomba, lakini sikuomba kitu cha maana. Nilisema tu, Bwana, unaona. Kisha nikachukua msumari, nikauchomeka kitalu cha pili, nikaupigilia kwa nyundo.

"Machimbo ya kokoto," nikasema. "Miaka kumi na moja."

Nilitazamia pengine mtu ashukuru. Bucha alisimama.

"Nani amekwambia habari za machimbo?"

"Na wewe unayajuaje?" akauliza Mpima.

"Namuuliza Katibu."

"Na mimi nakuuliza wewe. Machimbo ni pahali pangu. Mwaka wa tisa huu."

"Pako vipi, bwana? Mimi nina miaka saba pale na sijawahi kukuona!"

"Ungenionaje? Mimi huwa juu ya mti."

Mwenyekiti alikuwa ameigeuza ile barua, anatazama kama nyuma yake kuna maandishi.

"Kaka," akasema Shangazi taratibu. "Hawa watu wameyajuaje machimbo?"

Bucha ndiye aliyejibu. Alisema alipelekwa pale na Mwenyekiti mwaka ule yeye alipomuuguza Mwenyekiti mkono uliovunjika, akashikwa bega, akaambiwa hapa sijamwonyesha mtu. Mpima akasema yeye alishikwa bega siku alipomaliza kumpimia Mwenyekiti kiwanja. Nikaona si vizuri kubaki nyuma, nikasema na mimi nilishikwa bega, baada ya harusi.

"Bega gani?" akauliza Mpima.

"La kulia."

"Na mimi la kulia."

"Nilikuwa nasema kweli kila mara," akasema baba mkwe, bado anaitazama barua. "Nilikuwa nasahau kama nimeshamwonyesha mtu."

"Kaka," akasema Shangazi, "machimbo hayo nilikuonyesha mimi. Na nilikwambia usimwambie mtu."

"Nakumbuka ulinishika bega," akasema baba mkwe.

Basi mambo mengi yakaanza kueleweka. Mpima alisimulia kwamba miaka yote hiyo alikuwa akipanda mti saa kumi na moja alfajiri na kukaa huko hadi mchana, kwa sababu alikuwa akisikia simba ananguruma nyuma ya mashine ya zamani ya kusagia kokoto. Mwenyekiti akakiri kuwa hupenda kujilaza pale, na kuwa marehemu mkewe alikuwa akimlalamikia juu ya kukoroma. Bucha alikuwa na kigoda chake pale ambacho kila akirudi anakikuta kimehamishwa. Alidhani ni nyani. Ni Shangazi, alikuwa akikisogeza kivulini.

Mimi nilijikuta nataka kunyamaza, ila nilikuwa nimeshaanza kusema kweli na sikujua pa kukomea. Mwaka juzi, siku ya mvua kubwa, nilikuta machimboni turubai jipya limekunjwa vizuri chini ya jiwe. Nikajifunika, nikaenda nalo nyumbani. Siku ya ibada nilisimama mbele ya watu wapatao sitini nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amenishushia turubai porini.

"Nilikuwepo," akasema Shangazi. "Safu ya pili."

"Lilikuwa lako?"

"Lilikuwa langu. Lakini ungekuwa wewe ungesimama ukasema nini? Watu walikuwa wanapiga makofi. Na mimi nilipiga."

Kwa dakika chache tulikaa vizuri kuliko mkutano wowote ninaoukumbuka. Hata Mpima alihama kwenye spiringi akaja kwenye nailoni, na hakuna aliyemzuia. Nikaanza kufikiri kwamba labda siku itaishia hapo.

Ndipo Bucha akapiga goti lake kwa kiganja.

"Basi sasa naweza kusema," akasema. "Ile siku ya kofia sikuwa mlimani. Nilikuwa machimboni. Na kama nilikuwa machimboni, namjua aliyenipiga. Ni yule mchoma mkaa."

"Yupi?" akauliza Mwenyekiti.

"Anayekaa nyuma ya machimbo, kwenye kibanda cha mabati. Nani mwingine yuko kule saa moja asubuhi? Kwa barua hii sasa ni rahisi. Wametaka maelezo, tunawapa maelezo. Katibu, andika."

Nilimjua mchoma mkaa. Ana mke, na kibanda kimoja, na siku niliyoteguka kifundo cha mguu alinikokota mpaka barabarani kwenye toroli lake la mkaa bila kuniuliza nimetoka wapi.

"Ana bunduki?" akauliza Shangazi.

"Watu wale hawakosi."

"Mimi nimemwona na sepetu tu."

"Shangazi, kofia yangu haikutobolewa na sepetu. Katibu, andika."

Ofisi ya wanyamapori ikipelekewa jina la mtu anayekaa porini na bunduki isiyo na leseni, haiulizi maswali mengi. Kibanda kingevunjwa kabla ya mwezi kwisha. Nilifungua ukurasa mpya. Niliandika tarehe. Niliandika, Maelezo kuhusu kofia ya mwanachama. Niliandika, Aliyefyatua ni. Kisha kalamu ikasimama hapo.

"Wino umekwisha?" akauliza Mpima, akanipa kalamu yake.

Nikawa na kalamu mbili.

"Aliyefyatua ni mimi," nikasema.

"Usisome kwanza," akasema Bucha. "Andika umalize, utatusomea."

"Sisomi. Nasema. Aliyefyatua ni mimi. Nilikuwa nyuma ya lundo la kokoto. Nilidhani ni ngiri."

Yule mwosha pikipiki alikuwa amemaliza.

"Ngiri," akasema Bucha.

"Ulikuwa umeinama."

"Nilikuwa nafunga kamba za kiatu."

"Nyasi zilikuwa ndefu. Nikaona mgongo tu, wa kahawia."

"Nina mgongo wa ngiri?"

"Kwa mbali," akasema Mpima, kisha akaona afadhali afute miwani yake.

"Mbali kiasi gani?" akauliza Shangazi.

"Kama hatua arobaini," nikasema.

Baba mkwe wangu alishusha barua. Alinitazama kwa huzuni ambayo sijawahi kuiona usoni mwake, hata msibani. "Hatua arobaini," akamwambia dada yake. "Na nilimfundisha mwenyewe."

"Mzee, alikuwa ananipiga mimi!" akasema Bucha.

"Naelewa. Lakini yeye alidhani ni ngiri."

"Nyamazeni," akasema Bucha, na sauti yake ilikuwa imebadilika, tukanyamaza. Alikuwa ananitazama mimi peke yangu. "Nilipiga kelele. Nilimwita mama yangu, na mama yangu alishafariki zamani. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukajua ni mtu."

"Nilijua."

"Halafu?"

"Nikakimbia."

Bucha akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha uzito wa kitu mkononi. "Nililala pale kwenye nyasi nusu saa," akasema. "Sikujua kama nimeumia au sijaumia. Nilijipapasa kichwa, nikaogopa kuutazama mkono. Nikawa nasikiliza. Nikasema moyoni, aliyefanya hivi akija, labda amekuja kunimaliza, labda amekuja kuniokoa, vyovyote aje tu. Hakuja mtu. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa barabarani."

"Unafanya nini barabarani?"

"Naomba."

"Unaomba nini?"

Hili lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. "Nilikuwa naomba uwe ngiri," nikasema.

Shangazi akafumba macho. Mwenyekiti akavua miwani. Mimi nikabaki nimesimama na kalamu zangu mbili, nikijua kwamba sina tena cha kuongeza, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi nilikuwa nimesema yote.

"Na kofia ukanishonea," akasema Bucha.

"Ndiyo."

"Nilijiuliza. Uzi ule haukuwa wa kawaida."

"Ni wa ngozi. Wa makochi ya ofisini."

Mwenyekiti akasema inabidi tufuate katiba ya chama. Akaomba aletewe. Katiba yetu ina kurasa mbili, na nusu ya ukurasa wa pili inahusu zamu ya kuleta chai. Aliisoma yote kwa sauti, hadi kwenye chai, na hakukuwa na kifungu juu ya mwanachama aliyempiga mwanachama risasi. Mpima akapendekeza nifukuzwe, halafu akauliza kama nikifukuzwa mkutano utahamia wapi, kwa kuwa kwake kuna viti viwili tu. Baba mkwe akasema yeye kama mwenyekiti angeweza kuamua, lakini kama baba mkwe ni aibu kwake kuamua, kwa hiyo anamwachia mwenye kichwa.

Bucha akasimama. Akaenda kwenye ramani, akautazama ule msumari niliokuwa nimeupigilia.

"Kwanza, maelezo yaandikwe kama yalivyokuwa," akasema. "Mchoma mkaa asitajwe."

"Sawa."

"Bunduki yako ikae kwa Mwenyekiti. Leseni mwaka huu usiombe. Hata wakikupa, usichukue."

"Sawa."

"Lakini porini utakwenda. Nina safari tatu. Mwezi wa saba, wa nane na wa kumi. Zote tatu unakwenda na mimi."

"Kufanya nini?" akauliza Mwenyekiti.

"Kutangulia. Mimi nitakuwa nyuma."

Mpima anapenda mambo yawe wazi. "Wewe ukiwa na bunduki?" akauliza.

"Mimi nikiwa na bunduki. Yeye ataangalia nyayo."

"Mimi sijui kusoma nyayo," nikasema.

"Utainama utazame, utajua."

Nilimgeukia Shangazi, nikitumaini atasema neno. Alisema anaona ni haki, ila nisivae kahawia.

Tukafanya kazi iliyobaki. Kwa kuwa wote tulikuwa wa machimboni, vitalu sita vilibaki vitupu, na ilibidi tugawane wiki za msimu badala ya kugawana pori. Hilo lilichukua saa mbili. Shangazi akachukua mwezi wa tisa wote na hakuna aliyebisha. Mpima alitaka zamu yake isigongane na ya Mwenyekiti, kwa sababu sasa anataka kushuka kwenye mti na hawezi kuwinda mtu akikoroma. Mwenyekiti akapewa siku za katikati ya wiki. Niliandika kila kitu kwa mwandiko wangu bora, nani, wapi, lini. Kwenye mstari wangu niliandika kitalu cha pili, safari tatu, bila bunduki, mbele ya Bucha. Mpima akaomba nifute neno "mbele" niweke "takriban mita kumi mbele". Nikaweka.

Kisha nikaandika maelezo ya kofia. Sikujipamba. Niliandika kwamba nilisikia sauti ya mtu nikakimbia. Ofisi inaweza kuamua kunichukulia hatua nyingine, na ikiamua, nitaipokea. Kisha nikatia sahihi.

Wenzangu walitoka mmoja mmoja, kila mmoja akijipangusa nyuzi za gunia. Baba mkwe alinipa mkono bila kunitazama, akasema kesho nimpelekee bunduki, na nisimwambie binti yake mpaka amtafutie maneno. Nikamwambia nitamwambia mimi mwenyewe leo. Akasema, "Basi nisubiri kidogo nifike mbali."

Bucha alibaki wa mwisho. Alisimama mlangoni, mgongo kwangu, anafunga vifungo vya koti.

"Mwezi wa saba," akasema, "tukiwa kule. Ukisikia nimeita."

"Ndiyo."

"Sisemi nitaita. Lakini ukisikia."

"Nitageuka," nikasema.

Akafunga kifungo cha mwisho.

"Utakuja mpaka nilipo?"

"Nitakuja mpaka ulipo."

Hakusema kama ameniamini. Alisema mwezi wa saba si mbali, tutaona, akavuka barabara kwenda kufungua duka lake kwa saa moja iliyobaki.